Kutambua Mkarakara na Jamaa Zake wa Karibu: Mwongozo Kamili wa Kusoma Kikonyo, Brakti, Ua na Tunda

Mkarakara, ambao wengi wanauita mpasheni, na ambao tunda lake majirani zetu wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wanalijua kwa jina la marakuja, ni Passiflora edulis, mmea utambaao ambao asili yake ni kusini mwa Brazili, Paragwai na kaskazini mwa Argentina. Tangu uletwe Afrika Mashariki umezoea ardhi yetu kiasi kwamba unaota kwenye nyuzio, kando ya mito na katika misitu iliyokatwa bila kupandwa na mtu. Hata hivyo haumo peke yake. Jenasi ya Passiflora ina spishi zaidi ya 500, na kadhaa kati yake zimefika huku kama mimea ya matunda, mapambo ya bustani au magugu. Pamoja nazo ipo mimea yetu ya asili ya jenasi Adenia, ambayo ni ya familia hiyo hiyo ya Passifloraceae, inatambaa vilevile, na baadhi yake ina sumu ya kuua. Kwa sababu hiyo, anayenunua miche, anayeunganisha miche, anayeng'oa magugu na anayechuma matunda porini wote wanahitaji kujua kwa hakika mmea ulio mbele yao ni upi.

Watu wengi huanza na ua au umbo la jani, na ninaamini hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Ua la pasheni hukaa wazi kwa saa chache tu, kisha hujifunga lisifunguke tena. Na umbo la jani hubadilika kadiri mmea unavyokua, hata kwenye mche mmoja. Mambo yanayoonekana mwaka mzima ni kikonyo cha jani, tezi zilizo juu yake (vijivimbe vidogo vinavyotoa majimaji), na vijani vidogo viwili vilivyo kwenye kitako chake, ambavyo wataalamu wa mimea huviita stipuli. Utaratibu ninaoueleza hapa unaanzia huko, kisha unakwenda kwenye ua na tunda kama vipo.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: lenzi ya mkono inayokuza mara 10, rula yenye milimita, wembe wa kupasulia ua na tunda, daftari, na simu yenye kamera. Chagua tawi lililopata jua, lenye majani yaliyokomaa, na uepuke machipukizi yanayotoka ardhini, kwa kuwa majani yake mara nyingi hayafanani na ya mmea mkubwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni Passiflora

Tafuta vikono, yaani nyuzi zinazojikunja ambazo mmea huzitumia kushikilia. Katika Passiflora kikono hutoka kwenye kwapa la jani, pale kikonyo kinapokutana na shina, nacho huwa kimoja kisicho na matawi. Majani hupishana, moja moja kwa kila kifundo. Mimea ya jamii ya maboga na matango ina kikono kinachotoka pembeni mwa kifundo, mara nyingi chenye matawi mawili au zaidi, na mzabibu una kikono kinachotoka upande wa pili wa shina, mkabala na jani. Tofauti hizi mbili zinatosha kuondoa mimea mingi inayotambaa ambayo huchanganywa na mkarakara kabla haijachanua.

Adenia ni shida zaidi, kwa sababu nayo ina kikono kwenye kwapa la jani. Tazama kwa makini mahali kikonyo kinapoungana na bapa la jani. Adenia huwa na tezi moja au mbili kwenye kitako cha bapa lenyewe, na katika spishi kadhaa tezi hiyo hukaa juu ya kijilimi kidogo. Mara nyingi ukigeuza jani utaona tezi nyingine zimetawanyika chini ya bapa. Mkarakara nao una tezi mbili karibu na mahali hapo, lakini ziko kwenye kikonyo, moja kila upande, chini kidogo ya bapa. Ukingo wa jani la Adenia kwa kawaida hauna meno, ilhali wa mkarakara una meno madogo kuanzia kitako hadi ncha. Maua ya Adenia ni madogo, ya kijani kibichi au rangi ya krimu, hayana duara kubwa la nyuzi za rangi, na kwa spishi nyingi mmea mmoja hubeba maua ya kiume na mwingine ya kike. Tunda lake likikomaa hupasuka sehemu tatu, jambo ambalo tunda la pasheni halifanyi. Spishi nyingi, ikiwemo Adenia globosa ya nyanda kavu za Kenya na Tanzania, zina kitako cha shina kilichovimba.

Usionje chochote hadi uvuke hatua hii. Adenia volkensii ina protini ya sumu iitwayo volkensini, na Adenia digitata ina modesini. Zote mbili hushambulia seli kwa njia ileile ya risini ya mbarika, kwa kuzizuia zisitengeneze protini. Mtoto aliyezoea kula karakara za porini hana namna ya kulijua hilo kwa kutazama tu utambaaji wa mmea, na mtu mzima aliye naye ndiye anayepaswa kulijua.

Hatua ya pili: shika shina

Zungusha shina changa kati ya vidole. Shina la mkarakara ni laini lisilo na manyoya, na ni la mviringo au lenye kingo hafifu. Ukisikia kingo nne kali zilizotokeza kama mabawa, unashika Passiflora quadrangularis au nduguye Passiflora alata. Shina lenye manyoya yanayonata na harufu isiyopendeza linapopondwa ni la Passiflora foetida, mmea mdogo unaotambaa sana pwani, kwenye viwanja vilivyoachwa, mashamba ya minazi na kando ya barabara. Shina la zamani lililojaa magamba manene ya kizibo, hasa sehemu ya chini, ni la Passiflora suberosa. Manyoya mengi laini kwenye shina na majani, katika sehemu za juu zenye baridi, huelekeza kwenye kundi la pasheni ndefu zenye umbo la ndizi, ambalo nitalirudia chini.

Hatua ya tatu: hesabu tezi za kikonyo

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na haifai kuifanya haraka. Tezi hizi hutoa majimaji matamu yanayowavuta sisimizi, nao sisimizi huwafukuza viwavi na wadudu wengine wanaokuja kula majani. Kwa kuwa zina kazi maalumu ya kuulinda mmea, idadi, umbo na mahali pake hubadilika kidogo sana ndani ya spishi moja, lakini hutofautiana wazi kati ya spishi na spishi. Chukua majani yasiyopungua matatu yaliyokomaa, kwa maana tezi moja inaweza kuwa imeliwa au kukauka, kisha tazama kila kikonyo kwa lenzi kutoka juu na kutoka pembeni.

Mkarakara una tezi mbili, hazina shingo, na zimekaa juu kabisa ya kikonyo. Passiflora quadrangularis ina jozi tatu, yaani tezi sita, zilizopangwa kwa urefu wa kikonyo. Passiflora alata kwa kawaida ina mbili hadi nne. Passiflora ligularis, ambayo hulimwa katika nyanda za juu za Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania kwa ajili ya tunda lake tamu la rangi ya chungwa, ina tezi nne hadi sita zilizorefuka na kuwa nyuzi zinazosimama pembeni mwa kikonyo. Hakuna spishi nyingine ya kawaida huku yenye alama hiyo, kwa hiyo ukiziona pamoja na jani zima lenye umbo la moyo, kazi imekwisha. Passiflora suberosa ina tezi mbili zilizotokeza kama vikombe vidogo karibu na katikati ya kikonyo au juu yake kidogo. Passiflora foetida haina tezi za aina hii. Kikonyo chake kina vinyweleo vyenye vichwa vinavyonata. Jamii ya pasheni za umbo la ndizi ina tezi nyingi ndogo zilizotawanyika.

Hatua ya nne: stipuli

Stipuli za mkarakara ni nyembamba sana, zina urefu wa takriban sentimita 1, na huanguka mapema, hivyo zitafute karibu na ncha ya tawi. Za quadrangularis ni pana na kubwa, za urefu wa sentimita 2 hadi 3 au zaidi, ilhali za alata ni nyembamba na fupi. Za foetida zimekatikakatika kuwa nyuzi zinazolizunguka shina. Ukikuta stipuli pana zinazofanana na majani madogo kwenye mmea wenye majani ya sehemu tatu yasiyo na meno ukingoni, fikiria Passiflora subpeltata, ambayo imeenea porini katika maeneo kadhaa ya Afrika Mashariki. Kama majani hayo yana sehemu tano badala ya tatu, na mmea umepandwa bustanini, inaelekea ni Passiflora caerulea.

Hatua ya tano: jani, lakini kwa tahadhari

Jani lililokomaa la mkarakara limegawanyika sana katika sehemu tatu, linang'aa upande wa juu, na lina meno ukingoni. Mche mchanga hutoa kwanza majani mazima yasiyogawanyika, na hata kwenye mmea mkubwa tawi lililo kivulini linaweza kuwa nayo. Passiflora suberosa hubadilika kuliko zote: kwenye mmea mmoja unaweza kukuta majani membamba mazima na mengine ya sehemu tatu, na kuna watu waliodhani wameona spishi mbili kumbe wanatazama moja. Kwa hiyo chukulia umbo la jani kuwa ushahidi wa kuongezea, na uupe ukingo uzito zaidi kuliko umbo. Meno yapo au hayapo? Jibu la swali hili linatenganisha mkarakara na subpeltata hata pale majani yanapofanana kwa mbali.

Hatua ya sita: brakti zilizo chini ya ua

Brakti ni vijani vitatu vilivyo chini ya ua, na faida yake ni kwamba hubaki muda mrefu baada ya ua kufa, mara nyingi hadi tunda likue. Katika mkarakara ni za kijani, pana, zenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, na zina meno ukingoni. Katika foetida zimechanwa kuwa wavu wa nyuzi zenye vichwa vya gundi, wavu unaolifunika chipukizi la ua na baadaye tunda zima. Wadudu wadogo hunaswa humo, na kwa namna hiyo ua na tunda hulindwa. Huhitaji alama nyingine yoyote kulitambua kundi la foetida ukishauona wavu huo. Katika ligularis brakti ni pana na zimeungana sehemu ya chini. Passiflora suberosa haina brakti za maana.

Kwa wasomaji wanaoishi Marekani, brakti ndizo zitakazowaondolea shaka kati ya mkarakara na Passiflora incarnata, mmea wa asili wa kusini mashariki mwa nchi hiyo wenye majani ya sehemu tatu yenye meno, yanayofanana sana na ya mkarakara. Brakti za incarnata ni ndogo mno, za milimita chache tu. Tena shina lake hufa wakati wa baridi na kuchipua upya kutoka mizizini, jambo ambalo mkarakara hauwezi kulifanya kwa uhakika penye theluji.

Hatua ya saba: ua, kwa saa yake

Ua la Passiflora lina sepali 5 (vijani vya nje vinavyolifunika chipukizi la ua), kwa kawaida petali 5 (vijani vya ndani vyenye rangi), kisha duara la nyuzi liitwalo korona, na katikati mhimili unaonyanyua stameni 5 zinazobeba chavua, ovari inayokuja kuwa tunda, na stigma 3 zinazopokea chavua. Pima upana, andika rangi kabla ya kulichuma, halafu lipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini ili uone nyuzi za korona zimepangwa safu ngapi na zinaanzia wapi.

Ua la mkarakara lina upana wa sentimita 5 hadi 8, petali nyeupe, na nyuzi ndefu zenye mawimbi, nyeupe kwenye ncha na zambarau kwenye kitako. La subpeltata ni jeupe lote, pamoja na korona. La quadrangularis linaweza kufika sentimita 12, lina petali nyekundu za kiza na korona yenye mistari ya zambarau na nyeupe. La suberosa ni dogo, la sentimita 1 hadi 2, la kijani-njano, na halina petali kabisa. La foetida ni jeupe au la urujuani hafifu, nalo hufunguka alfajiri na kujifunga kabla jua halijawa kali, kwa hiyo anayekwenda shambani mchana hatalikuta.

Saa ya kufunguka ni alama muhimu hata ndani ya spishi moja. Mkarakara wa tunda la zambarau hufungua maua alfajiri na kuyafunga kabla ya saa sita mchana. Wa tunda la njano, unaoitwa forma flavicarpa, hufungua kuanzia karibu na saa sita mchana na kufunga usiku. Wa zambarau kwa kawaida unaweza kujichavusha, lakini wa njano huhitaji chavua ya mmea mwingine usio wa ukoo uleule, na wachavushaji wake bora ni wale nyuki wakubwa weusi watobao mbao, wa jenasi Xylocopa. Mkulima wa pwani mwenye mmea mmoja wa njano unaochanua sana bila kuzaa anaweza kupata jibu lake hapa.

Hatua ya nane: tunda

Tunda la mkarakara wa zambarau lina kipenyo cha sentimita 4 hadi 5 na ganda linalokunjamana likiiva. La njano ni kubwa zaidi na lina uchachu mwingi. Tunda la ligularis lina ganda gumu linalovunjika, utando mweupe wa sponji ndani, na rojo tamu la kijivu. La quadrangularis ni refu, la sentimita 20 hadi 30, na nyama yake nene huliwa pia. La suberosa ni dogo, la sentimita 1, na huwa jeusi-bluu likiiva. Matunda mabichi na majani ya spishi nyingi za Passiflora yana viambata vinavyotoa sianidi yanapotafunwa; kwa hiyo tunda la foetida liliwe tu baada ya kugeuka rangi kabisa, na tunda la subpeltata liachwe.

Mapacha wanaosumbua

Zambarau na njano. Bila tunda, tazama mashina machanga na vikono: kwenye mkarakara wa njano mara nyingi vina wekundu au uzambarau, na majani na maua yake ni makubwa zaidi. Pia zingatia mahali: wa zambarau hustawi nyanda za juu zenye ubaridi, wa njano hustahimili joto la pwani. Machotara ya aina hizi mbili yapo, na baadhi yake huwezi kuyapanga upande wowote kwa macho. Andika tu Passiflora edulis, kwani jina hilo linabaki sahihi. Angalia vilevile kiungo cha kuunganishia. Kwa kuwa mkarakara wa njano huhimili mnyauko wa fusari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni, wakulima huutumia kama shina la chini na kuunganisha wa zambarau juu yake. Chipukizi linalotoka chini ya kiungo ni mmea mwingine, na ukichukua jani la chipukizi hilo kuwa kielelezo utaandika jibu lisilo la mmea unaozaa.

Quadrangularis na alata. Usitegemee shina, maana yote mawili yana kingo nne. Hesabu tezi, kisha pima upana wa stipuli. Tunda la alata ni la umbo la yai na halikaribii ukubwa wa lile jingine.

Pasheni za umbo la ndizi. Katika nyanda za juu za Kenya huota mmea wenye maua ya waridi yanayoning'inia, yenye mrija mrefu, na korona iliyopungua hadi ikawa vijivimbe tu. Huu umezoeleka kuitwa Passiflora tripartita var. mollissima. Mwaka 2001 wataalamu walitenga spishi nyingine inayofanana nayo, Passiflora tarminiana, na ikadhihirika kwamba mimea mingi iliyokuwa ikiitwa mollissima duniani, pamoja na ile iliyovamia misitu ya Hawaii, ilikuwa tarminiana. Sepali za tarminiana hufunguka na kukunjuka kabisa kurudi nyuma, stipuli zake huanguka mapema, na tunda lake huchongoka pande zote mbili; mollissima hufunguka nusu tu na stipuli zake hubaki. Mimea ya huku inastahili kutazamwa upya kwa alama hizi, hasa na wanaosimamia misitu, ambao wanapaswa kujua kwa jina sahihi kinachopanda juu ya miti yao.

Hatua ya tisa: andika na uhifadhi kielelezo

Picha moja ya ua lililotazamwa kutoka mbele haitoshi kumsaidia mtaalamu wala programu ya simu. Piga kikonyo kwa karibu hadi tezi zionekane, kitako cha kikonyo pamoja na stipuli, jani pande zote mbili, ua kutoka pembeni pamoja na brakti, na tunda lililokatwa. Weka rula kwenye kila picha.

Kielelezo kikavu ni bora zaidi. Kata tawi lenye urefu wa sentimita 30 lenye majani, kikono na ua, lilaze kati ya magazeti, geuza jani moja ili upande wake wa chini uonekane, kaza kwa mbao na ubadilishe magazeti kila siku hadi likauke. Kausha ua lililopasuliwa kando, na tunda likate vipande vyembamba. Kwenye lebo andika mahali, mwinuko, tarehe, saa ambayo ua lilikuwa wazi, idadi ya tezi, harufu, na rangi zote, kwa sababu zambarau ya korona hufifia na kuwa kahawia ndani ya magazeti. Mkusanyo wa mimea mikavu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, na ule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina vielelezo vya kulinganisha navyo. Na kama tezi, stipuli na brakti haziafikiani na spishi yoyote iliyotajwa hapa, peleka kielelezo huko kikiwa na lebo yake kamili, ukiacha nafasi ya jina wazi.